Kulifufua jiliwa la Record No. 3: shajara ya karakana ya barazani

Jiliwa ndilo hilo ambalo mafundi wengi tunaliita vaisi. Langu ni Record No. 3, taya za inchi 4, kazi ya C. & J. Hampton wa Sheffield, Uingereza. Naongeza maelezo kila hatua inapokwisha, ili aliyeokota la kwake kwenye skrepa aone njia nilikopita na shimo nilimotumbukia. Bei zote ni shilingi za Tanzania, hapa Tanga mjini. Palipokwenda salama nimepita haraka.

Jumamosi, 8 Februari 2025: Limepatikana

Nilikwenda kwa wauza vyuma chakavu kutafuta bomba la inchi mbili, nikarudi na jiliwa. Lilikuwa chini ya rundo la rimu za baiskeli, limegeuka rangi ya udongo. Muuzaji alisema limetoka karakana ya shamba la mkonge upande wa Muheza. Huenda kweli, huenda ni maneno ya biashara. Nilisugua ubavuni kwa kidole kilicholowa mate ikatokea R, ikatokea E, ikafuata C. Nikaacha kusugua, maana mwenye mali alikuwa anatazama.

Alitaka 40,000, tukaachana kwenye 28,000. Mzani wake ulisoma kilo 15 na nusu, kwa hiyo kwa bei ya skrepa alikuwa ameshapata mara mbili. Sijutii. Majiliwa mapya ya bei ya chini niliyowahi kuyatumia, ukikaza kidogo taya la mbele linanyanyua pua.

Hali yake: skurubu kuu imeganda, haiendi mbele wala nyuma. Kibamba cha meno cha taya la mbele hakipo, na matundu yake mawili ya bolti yamebaki wazi, moja safi na moja limejaa kutu. Springi na washa ya nyuma ya taya hazipo. Fuawe ndogo ya nyuma imejaa makovu ya nyundo. Na kwenye shingo ya taya la mbele, upande wa kulia, kuna ufa unaoonekana kwa macho kama sentimita 4. Mpini ulikuwa mzima. Nasema ulikuwa.

Jumapili, 9 Februari: Mpini

Nilimwagia dizeli kwenye skurubu asubuhi, nikanywa chai, nikarudi saa nne nikiwa na haraka. Skurubu ilikataa. Nikachomeka bomba la mita moja kwenye mpini, nikaning'inia. Kitu kikasogea, nikafurahi, kumbe kilichosogea ni mpini wenyewe, umepinda kama ndizi.

Ujinga huu una sababu yake: nilikuwa navuta upande mmoja tu. Kutu iliyokaa miaka kwenye nati haitaki nguvu, inataka kutikiswa. Baada ya hapo nilichanganya nusu lita ya dizeli na oili chafu ya pikipiki, nikaliweka jiliwa zima ndani ya beseni, na kila jioni nikawa nagonga kichwa cha skurubu kwa nyundo ndogo mara ishirini hivi, kisha najaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Kukaza kwanza, ndiyo. Jumatano ilikwenda kama upana wa ukucha. Ijumaa ikazunguka robo. Ilipotoka yote, grisi iliyokuwa ndani ya nati ilikuwa imekauka kama nta, na ndani yake zimefungamana nyuzi nyeupe ndefu. Nikazivuta, nikazinusa. Singa za mkonge. Muuzaji nimemwomba radhi moyoni.

Skurubu yenyewe ni nzima, meno yake mapana ya mraba hayajalika. Hilo lilinipa moyo, kwa sababu skurubu na nati vikiwa vimekwisha, hesabu ya kuvikereza upya inakula faida yote.

Dizeli: 1,500.

Jumamosi, 15 Februari: Kutu na magadi

Kutu nimeitoa kwa umeme. Ndoo ya plastiki ya lita 20, maji, na magadi ya sokoni kama robo kilo. Jiliwa limefungwa kwenye waya wa hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na vipande vya nondo vimezungushwa pembeni vikafungwa kwenye chanya, bila kugusana na jiliwa. Saa moja ya kwanza hakukuwa na povu hata moja. Klipu ilikuwa imebana juu ya rangi ya zamani. Nilikwangua pale pakang'aa, povu likaanza.

Saa 18 kwa kila kipande kikubwa, kisha brashi ya waya. Kutu ilitoka kama tope jeusi. Chini yake palikuwa na mabaki ya rangi ya buluu, yale yale ninayoyaona kwenye majiliwa mengine ya Record.

Mambo mawili tu ya kuangalia. Povu lile upande wa jiliwa ni haidrojeni, kwa hiyo ndoo ikae nje na mvuta sigara akae mbali. Na upande wa chanya usitumie kijiko wala sufuria ya chuma kisichoshika kutu: maji yanaweza kubaki na kromu yenye sumu, na mahali pa kuyamwaga huna. Magadi ya bonge yana chumvi ndani, nondo zangu zililika haraka kuliko nilivyotarajia. Si neno, nondo ni skrepa.

Magadi: 1,000.

Jumamosi, 22 Februari: Ufa, na jinsi nilivyouzidisha

Kabla ya kuziba ufa nilitaka kujua unaishia wapi. Nilipaka mafuta ya taa juu ya shingo, nikasubiri robo saa, nikafuta mpaka pakakauka, nikapaka unga wa chaki. Baada ya dakika chache mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalianza kupanda kwenye chaki na kuchora mstari. Jicho liliona sentimita 4; chaki ilionyesha 6 na nusu, ufa umepinda na kushuka karibu na mkono wa taya. Nilitoboa kitundu cha milimita 3 kila mwisho ili usiendelee kutembea.

Mpaka hapo nilikuwa fundi. Kilichofuata sijui nikiite nini.

Nililipeleka kwa kijana anayechomelea mageti. Ana mkono mzuri, mageti yake yamenyooka. Alitazama akasema, "Hii ndogo, kaka, dakika kumi." Nilimuuliza kama ana rodi za kuchomelea kasti, yaani chuma cha kusubu. Akasema hizi za kawaida zinashika kila kitu. Nilijua si kweli, kichwani nilijua kabisa, lakini jua lilikuwa kali na jiliwa ni zito kulirudisha kwa baiskeli. Nikamwambia endelea.

Mshono ulitoka unang'aa, mzuri wa kupigia picha. Nikalipa 10,000. Tulikuwa bado tunaongea habari za mpira jiliwa likalia: *ting*. Kimya. Halafu *ting* nyingine. Kijana akanitazama, nami nikamtazama.

Nyumbani nilirudia mafuta ya taa na chaki. Ufa wa zamani ulikuwa umefunikwa, na ufa mpya umepita pembeni yake, ukifuata ukingo wa mshono kama mto unavyofuata mlima. Sentimita 8 sasa.

Sababu yake naiandika kwa urefu kwa kuwa ndiyo iliyonigharimu kuliko zote. Mwili wa jiliwa hili ni chuma cha kusubu, yaani kasti. Kina kaboni nyingi, kama asilimia 2.5 mpaka 4, wakati chuma laini cha geti hakifiki hata asilimia 0.3. Sehemu kubwa ya kaboni hiyo imekaa humo ndani kama vipande vyembamba vya grafiti, kitu kile kile kilicho katikati ya penseli. Ndiyo maana kasti inavumilia kubanwa lakini haijui kunyumbuka. Ukiichomelea ikiwa baridi, pembeni ya mshono panapata moto mkali na kupoa ghafla, panakuwa pagumu na pakavu kama kioo. Wakati huo huo mshono unapopoa unajivuta. Geti lingenyumbuka kidogo na maisha yangeendelea. Kasti hainyumbuki, inakatika.

Kijana simlaumu. Mimi ndiye niliyekuwa na habari nikazikalia.

Mshono wa kwanza: 10,000. Zimekwenda.

Alhamisi, 6 Machi: Brasi

Wiki nzima niliuliza watu. Wapo walioniambia ninunue rodi za nikeli, ambazo kweli zimetengenezwa kwa ajili ya kasti, na wapo walioniambia nitupe. Mwisho nilielekezwa kwa mzee mmoja wa Ngamiani anayechomea kwa gesi. Nilimpa shikamoo, nikamwekea taya mezani. Hakugusa kwanza. Aliinama, akatazama ule mshono, akasema, "Marahaba. Nani kakufanyia hivi, mwanangu?" Nikamwambia nimejifanyia mwenyewe.

Alikubali kwa masharti matatu: nitoe mshono wote wa rodi, nije na mkaa wa kutosha, na kazi ifanyike usiku. Ramadhani imeshaanza na hakai mbele ya moto akiwa amefunga.

Kuutoa mshono kulichukua jioni mbili. Tupa ilikuwa inateleza pembeni yake kama juu ya kigae. Hapo ndipo nilipouona kwa mkono ule ugumu nilioueleza juu. Grainda peke yake ndiyo iliyoweza, na ilikula mawe mawili. Nilichonga mfereji wenye umbo la V kufuata ufa mpaka karibu na chini, nikaona nimefanya kazi safi.

Usiku, baada ya futari na tarawehe, tulipanga matofali uani, tukawasha mkaa, tukalaza taya katikati mpaka likawa la moto wote kabisa, si shingo tu. Mzee akawasha gesi, akapasha mfereji mpaka ukawa mwekundu wa kufifia, akanyunyiza boraksi, ule unga wa kusaidia brasi ishike, akagusisha kijiti cha brasi (mchanganyiko wa shaba na zinki). Brasi ikayeyuka, ikajikunja matone, ikaviringika kama maji juu ya jani la myugwa. Haikushika. Akajaribu tena, vile vile.

Akazima. "Umepitisha grainda humu?"

Nikasema ndiyo, mzee.

Kumbe jiwe la grainda linapokata kasti linaisugua ile grafiti na kuipaka juu ya chuma kama mtu aliyepaka wino wa penseli. Brasi inakuta wino, haikuti chuma. Tuliacha taya lipungue moto, nikachukua tupa ya duara na kukwangua mfereji mzima nikiwa nimelishika kwa matambara mazito. Sehemu ngumu zilikuwa zimeshaondoka na grainda, kwa hiyo safari hii tupa iliuma. Kisha mzee akapitisha ulimi wa moto wenye oksijeni nyingi, kuunguza grafiti iliyobaki. Boraksi tena, kijiti tena, na mara hii brasi ilitandaa. Ilikimbia yenyewe mpaka kwenye kona za mfereji. Nimeona mambo mengi ya ufundi, lakini hilo sijalichoka.

Aliujaza mfereji kwa mapito manne, akauacha umevimba kidogo juu. Tulikaa upande upepo unakotoka muda wote, kwa sababu moshi mweupe wa brasi ni wa zinki, na ukiuvuta wa kutosha usiku unatetemeka kama mwenye malaria. Kisha tukalifukia taya lote kwenye pipa la jivu. Mzee alinikataza kulifunua kabla ya kesho jioni. Nililifunua kesho jioni, na katikati ya jivu bado kulikuwa na uvuguvugu.

Hakuna *ting*. Chaki na mafuta ya taa: hakuna mstari. Nilipoweka rula juu ya uso wa taya nikakuta upande mmoja umerudi nyuma kama milimita 1. Hilo linavumilika, nitalimaliza kwenye kibamba.

Kazi ya mzee, gesi na brasi: 35,000. Mkaa: 8,000. Mawe ya grainda: 5,000.

Jumamosi, 15 Machi: Bolti inayofanana siyo bolti yenyewe

Vibamba vya meno vinashikwa na bolti mbili kila kimoja. Za taya la nyuma zilitoka nzima. Nilipima unene wa moja kwa venia, kile kipimo cha taya mbili, nikapata milimita 7.9 na kidogo. Nikasema hii ni M8, bolti ya milimita 8, iliyochakaa. Nikanunua M8 nne, 2,000.

Nikajaribu kwenye lile tundu safi la taya la mbele. Iliingia mizunguko miwili kwa vidole, wa tatu kwa spana, wa nne kwa ubishi. Nikasema kutu. Nikatia oili. Wa tano ikakatika, kichwa mkononi, mwili ndani.

Jiliwa hili limetoka Uingereza ya inchi. Thredi zake, yaani meno ya bolti, ni za Whitworth, kipimo kilichopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841. Bolti ya 5/16 ya Whitworth ni nene milimita 7.94, kwa hiyo kwa jicho na hata kwa venia ya haraka inafanana na M8. Tofauti iko kwenye meno. Whitworth hiyo ina meno 18 kwa kila inchi, yaani milimita 1.41 toka jino hadi jino. M8 ya kawaida ni milimita 1.25. Pembe ya jino nayo ni digrii 55 kwa ile, 60 kwa hii. Mizunguko miwili ya mwanzo inakubali kwa adabu, halafu meno yanaanza kupandana. Ningeziweka bolti mbili ubavu kwa ubavu, meno kwa meno, dhidi ya mwanga wa dirisha, ningeona kwa sekunde moja. Sasa nafanya hivyo kwa kila bolti, hata ya kitanda.

Kuutoa mwili uliokatika kulinila drili mbili. Bolti ni ngumu kuliko kasti, kwa hiyo ncha ya drili inakimbilia kwenye ulaini, na tundu langu likaenda pembeni milimita moja na nusu. Nilipomaliza nilikuwa na tundu la milimita 8, pana, lisilo na thredi, na limehama. Nilikaa chini nikatafuta wimbo redioni.

Bahati ni kwamba tundu la milimita 8 ndilo hasa linalotakiwa kwa tapu (kifaa cha kukatia thredi ndani ya tundu) ya 3/8 ya Whitworth. Mzee mwingine, mstaafu wa karakana ya reli, anazo tapu za inchi kwenye kisanduku cha mbao, kila moja na nafasi yake. Hakutaka pesa, alitaka soda mbili na nikae nimsikilize. Nikakata thredi za 3/8 kwenye tundu lililoharibika, na tundu lenye kutu nikalisafisha kwa tapu ya 5/16. Kasti haihitaji oili wakati wa kukata thredi, unga wake mweusi unatosha kulainisha. Geuza nusu, rudisha robo, puliza.

Kwa hiyo taya langu la mbele lina bolti za aina mbili. Mkerezaji alinichongea vichwa vyake viwe vya kuzama, na mfereji wa bisibisi juu yake. Atakayelifungua jiliwa hili baada yangu atanisema, na atakuwa na haki.

M8: 2,000, zimekwenda. Drili: 6,000. Soda: 2,000. Bolti na kukereza: 9,000.

Jumamosi, 5 Aprili, na 12 Aprili: Vibamba viwili kwa kimoja

Idi imepita, mikono imerudi.

Kibamba kipya nimekitoa kwenye springi ya pikapu, unene milimita 8. Kwanza kuilainisha: mkaa mpaka nyekundu yote, kisha jivuni usiku kucha. Asubuhi msumeno wa chuma unaikata kama kawaida. Urefu milimita 102.

Matundu sikuyapima kwa rula, kwa kuwa lile moja limehama. Nilichonga bolti mbili fupi zenye ncha, nikazifunga kwenye matundu ya taya ncha zikiwa nje kidogo, nikaweka kibamba mahali pake na kukigonga mara moja kwa nyundo ya mbao. Ncha zikaacha alama mbili. Hapo ndipo pa kutoboa. Kisha nikakaa jioni mbili na tupa ya pembe tatu nikichonga mistari ya msalaba kama ya kibamba cha zamani.

Kukitia ugumu: moto mpaka sumaku isikishike, na zaidi kidogo, halafu kukizamisha. Ndoo ya maji ilikuwa karibu. Debe la oili lilikuwa ndani. Nikazamisha kwenye maji. Ufa ulipita katikati ya tundu la bolti, toka ukingo hadi ukingo. Chuma cha springi kinataka oili. Maji yanakipoza kwa ghafla kuliko kinavyostahimili. Na hapo ndipo penye wembamba, kwenye tundu.

Jioni mbili zile sizirudishi. Kibamba cha pili kilikwenda kwenye oili iliyopashwa vuguvugu, kikatoka kizima, na tupa mpya ikateleza juu yake. Nilikisugua kwa msasa kiwe cheupe, nikakilaza kwenye karai la mchanga juu ya jiko la mkaa nikikitazama: njano ya majani makavu, kahawia, na kilipoanza kugusa zambarau nikakitoa. Ugumu ule wa kwanza ungevunjika kwa nyundo, huu unavumilia.

Mistari ya kibamba cha pili ni ya upande mmoja tu, siyo msalaba. Nilikuwa nimechoka. Kinashika vizuri, na pampu za shaba ninazobana hazitobolewi sana. Nyuma yake nilikipunguza kwa tupa upande mmoja, ile milimita 1 ya shingo, mpaka karatasi ya daftari ikabanwa sawasawa kona zote nne.

Kipande cha springi: 4,000, kimetosha vyote viwili.

Jumamosi, 26 Aprili: Rangi, mara mbili

Masika, kila kitu kinatoa jasho. Nilipaka rangi ya chini nyekundu ya kuzuia kutu, kisha buluu. Siku ya tatu mwili wa nyuma ulikuwa umetoka malengelenge, taya la mbele halina hata moja. Rangi ile ile, siku ile ile.

Taya la mbele lilipitia moto wa mzee. Mwili wa nyuma haukupitia. Ulilala siku tano kwenye dizeli na oili, na kasti ina vinyweleo. Kuufuta kwa nje hakutoshi. Nilikwangua yote, nikauweka juu ya jiko la mkaa lenye moto mdogo, ukaanza kutoka jasho la oili. Nikawa nafuta kwa kitambaa chenye tina, ile ya kuyeyushia rangi, nikiwa nimeutoa kabisa mbali na jiko, narudisha, nafuta. Mara nne. Ya tano kitambaa kilitoka safi. Rangi ya pili imeshika.

Mstari wa brasi shingoni sikuupaka. Mke wangu anasema linaonekana kama limevaa mkufu.

Rangi na tina, pamoja na ya marudio: 17,000.

Jumamosi, 3 Mei: Limefungwa mezani

Springi, washa na pini mpya 2,500, grisi 3,000. Mpini nimeunyoosha kwa moto, bado una kumbukumbu kidogo ya bomba langu katikati, na hauathiri kitu. Makovu ya fuawe nimeyapunguza kwa tupa, sikuyamaliza. Kuyamaliza ni kula chuma bure. Meza ni mninga wa inchi 2, bolti tatu zimepita mpaka chini na washa pana.

Majaribio: nilibana kipande cha springi, nikakaza kwa mkono, nikapaka mafuta ya taa na chaki shingoni. Safi. Nikakaza mpaka mkono ukachoka, nikaliacha usiku. Safi. Bomba sikuchomeka na sitachomeka. Brasi ya mzee naiamini, lakini hilo ni taya lililovunjika mara mbili.

Jumla niliyotoa mfukoni ni 134,000. Kati ya hizo, 23,000 ni za makosa matupu: mshono wa kwanza, mawe ya kuutolea, M8 na drili. Dukani niliona jiliwa jipya la inchi 4 kwa 110,000. Mke wangu naye ameliona.

Jumamosi, 14 Juni: Baada ya wiki sita

Limefanya kazi karibu kila siku: mabomba ya pampu, ekseli za baiskeli, na mguu wa cherehani ya jirani. Chaki kila Jumamosi, hakuna mstari. Upepo wa bahari umeanza kutia kutu kwenye kibamba kipya, napitisha kitambaa chenye oili jioni.

Bolti ya 3/8 ilikuwa inalegea kila baada ya siku mbili tatu. Kichwa chake kilikuwa hakikai sawa kwenye kibamba kwa sababu tundu lilitobolewa limeinama. Nimelipanua tundu la kibamba nusu milimita kwa tupa ndogo ya duara, nikaikaza upya. Leo siku ya tisa, haijasogea.